Kikundi cha Ukoo wa Bibi Tumpe, Tukuyu

Jumamosi, 12 Julai 2025

Mama Atupele, 22:02
Atupele mwanangu, umekula? Tangu juzi kimya.

Atupele, 22:06
Shikamooni wote. Nisamehe mama, simu tunazishika watoto wakishaingia kulala. Nimekula mkate, jibini na matango. Huku Ujerumani kwenye kambi ya watoto, chakula cha moto ni mchana, jioni ni baridi.

Baba Mdogo Gwakisa, 22:07
Marahaba. Mkate mkavu usiku, kwa mtu aliyeshinda akikimbizana na watoto? Sisi hapa tumemaliza ndizi mbalaga na maharage, mvua inanyunya, baridi kali.

Atupele, 22:09
Baba mdogo, mbalaga nimeiota mara mbili! Hapa ni saa tatu usiku na ndiyo kwanza jua linazama. Watoto hawataki kulala, wanasema bado mchana. Jana tuliwasha moto, kila mmoja akapewa donge la unga uliokandwa alizungushie kwenye fimbo na kulibanika. Nje linaungua, ndani bichi, na wanakula hivyo hivyo.

Shangazi Tusekile, 22:10
Tutumie picha za hao watoto basi.

Atupele, 22:12
Siruhusiwi shangazi. Picha ya mtoto haitoki bila saini ya mzazi, na mimi nilisaini kwamba sitatuma popote. Hata kumtoa mtoto kupe, mzazi lazima awe ameruhusu kwa maandishi.

Shangazi Tusekile, 22:12
Kupe? Hawa wa ng'ombe?

Atupele, 22:15
Ndugu zao, wa msituni. Wanaleta magonjwa, kuna mmoja unaofika hadi kwenye ubongo. Kila jioni tunawakagua watoto nyuma ya magoti, makwapani, nyuma ya masikio. Ng'ombe wa Bibi wamenifundisha, nawaona upesi kuliko wenzangu.

Baba Mdogo Gwakisa, 22:21
Atupele, nitasema wazi maana hapa ni nyumbani. Watu wanauza mashamba wafike Ulaya, wengine wanafia njiani. Wewe umeingia kwa mlango wa mbele, halafu unafanya kazi bure wiki nne, urudi. Una diploma ya ualimu, huu mwaka wa pili hujaajiriwa. Wadogo zako wawili wako sekondari, mama yako anachuma chai ya watu. Ukitafuta kazi hukohuko, hata ya kutunza wazee, nani atakulaumu? Nasema kwa kukupenda.

Mama Atupele, 22:23
Shemeji, hata mimi nimeliwaza, sitadanganya. Sikutaka kumwambia akiwa mbali.

Lusajo, 22:24
Dada bado anaandika. Tusubiri.

Atupele, 22:33
Baba mdogo, sijakasirika. Najua ada ni kiasi gani na najua mikono ya mama ilivyo. Lakini sikilizeni nilivyoingia huku.

Viza yangu ni ya muda mfupi. Mwenye viza hii haruhusiwi kuajiriwa, na kwa kawaida hauibadilishi kuwa ya kukaa ukiwa humuhumu. Ili nipewe, kuna mama wa ushirika wa kanisa wa huku, mwalimu mstaafu, alikwenda ofisi ya uhamiaji akasaini hati ya dhamana. Ile hati inasema nikiugua, nikikwama, nikifukuzwa, gharama ni zake yeye. Inambana hata miaka 5. Nililala kwake siku tatu za mwanzo. Anaishi peke yake, amenifumia soksi. Nikibaki kwa kujificha, atakayedaiwa ni yeye.

Na vijana wa Rungwe watakaoomba mwakani wataulizwa: yule wa kwanza alirudi?

Baba Mdogo Gwakisa, 22:36
Hilo la dhamana sikulijua.

Lusajo, 22:37
Kwa hiyo hakuna njia ya kukaa zaidi kihalali?

Atupele, 22:43
Ipo, ndiyo ninayoitafuta. Wana utaratibu wa kujitolea kwa mwaka mmoja, unaweza kuongezwa hadi miezi 18. Unafanya kazi shule za watoto wadogo, hospitali, nyumba za wazee. Si mshahara, ni posho, na bima ya afya ipo. Viza yake unaiomba ukiwa nyumbani, pale ubalozini Dar, na wanataka ujue Kijerumani cha kuanzia. Nikirudi naanza kusoma. Lusajo, kama unataka tuanze wote, lakini usidhani ni mteremko. Kwa hizi wiki chache tu jimbo la kanisa letu la Moravian liliniandikia barua, ushirika ukachanga, nikasafiri Tukuyu hadi Dar kwa ajili ya alama za vidole, na viza peke yake ni euro 90.

Mama Atupele, 22:45
Mwaka mzima tena. Tutazungumza ukifika.

Shangazi Tusekile, 22:46
Na Herrnhut, kule kwenye chimbuko la kanisa letu, ulifika? Bibi anauliza kila siku.

Atupele, 22:52
Jumapili iliyopita! Shangazi, ni mji mdogo, Tukuyu mjini ni kubwa zaidi. Kanisa lao ndani ni jeupe tupu, viti vyeupe, hakuna mapambo. Makaburini karibu mawe yote yamelala chini, ukubwa mmoja, wanaume upande wao na wanawake wao, hujui nani alikuwa tajiri. Mwaka jana UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia. Lile Neno la siku tunalosoma nyumbani, mstari wa Biblia, linaokotwa kwa kura hapohapo, tangu kitabu cha 1731. Nilisimama nikawaza wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa kutoka kwenye vijia vile.

Lakini mwambieni Bibi kilichonigusa zaidi ni cha usiku wa Alhamisi. Kuna mtoto wa miaka 9, mara yake ya kwanza kulala mbali na mama yake. Alilia kimya, kajifunika shuka. Kijerumani changu cha kuhesabu kwa vidole, nitamwambia nini? Nikakaa sakafuni, nikaanza kumwimbia Kinyakyusa, ule wimbo wa Bibi wa jioni. Nilipofika ubeti wa pili akaacha kulia, akaanza kuufuata kwa kuguna. Sauti ni ileile! Wanaimba kwa maneno yao, sisi kwa yetu. Nililia mimi sasa.

Shangazi Tusekile, 22:54
Kyala atukuzwe. Nimesisimka mwili.

Lusajo, 22:58
Nimemsomea Bibi yote, alikuwa hajalala. Naandika kama anavyosema: "Ndaga fijo mwana wangu. Wimbo huo nilifundishwa na mama yangu, na nilikuimbia wewe ulipougua surua, ukashika kidole changu mpaka asubuhi. Dhamana ya mtu haivunjwi. Gwakisa, mwache mtoto arudi."

Baba Mdogo Gwakisa, 23:01
Nimesikia mama. Atupele, unatua lini?

Atupele, 23:02
Dar Alhamisi tarehe 7 Agosti, Songwe Ijumaa tarehe 8 asubuhi.

Baba Mdogo Gwakisa, 23:04
Hiyo ni Nane Nane, nitakuwa Uyole na miche ya parachichi. Nitamwachia mtu banda, nije uwanja wa ndege mwenyewe. Na ada ya muhula huu ya wadogo zako nianze nayo mimi, wewe soma hicho Kijerumani.

Mama Atupele, 23:05
Shemeji, Mungu akubariki. Sina neno.

Atupele, 23:06
Baba mdogo, asante sana. Asante.

Lusajo, 23:08
Bibi anauliza yule mtoto leo amelala?

Atupele, 23:09
Mwambie amelala. Nimetoka kumwangalia sasa hivi, soksi moja imemvuka.