Mjadala: Filamu ya mahaba ionyeshwe ufuoni Kisumu kwa sababu picha zake ni nzuri?

Wadau wa Kisumu na majirani zetu hadi Nakuru, hili tulijadili bila matusi. Kundi letu la watazamaji filamu linataka kutundika kitambaa cheupe karibu na ufuo wa Dunga na kuonyesha filamu usiku, bila kiingilio. Nilipendekeza In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, iliyotoka mwaka 2000. Nusu ya kundi ikaja juu: mahaba hadharani? Tena ya watu walio kwenye ndoa?

Mimi nasema ionyeshwe, na sababu yangu ni picha. Tuko Hong Kong, 1962. Mume wa mtu na mke wa mtu, majirani, wanagundua kwamba wenzi wao wana uhusiano wa siri. Nyuso za wenzi hao hatuonyeshwi kabisa. Na hawa wawili tunaowafuata hawapigani busu, wala hakuna anayevua nguo. Lakini mtazameni Maggie Cheung akishuka ngazi usiku kwenda kununua tambi, themosi mkononi, gauni limembana hadi shingoni. Mwendo umepunguzwa, fidla inalia, Tony Leung anakuja upande wa pili, na njia ni nyembamba kiasi kwamba mabega yanakaribia kugusana. Wanapishana. Basi. Jasho linakutoka na huelewi kwa nini. Kamera ya Christopher Doyle na Mark Lee Ping-bing inachungulia kwenye milango iliyofunguliwa nusu, kwenye vioo, nyuma ya mapazia, kama jirani mmbea wa ploti. Anayeuita huo uchafu anionyeshe ni picha ipi.

Mwalimu, Kakamega: Kaka, umejichagulia mfano rahisi. Tetea kile kinachouma. Fifty Shades of Grey, filamu yenye ngono waziwazi, ilipigwa marufuku hapa kwetu mwaka 2015, na aliyeshika kamera ni Seamus McGarvey, mtu aliyekuwa ameshateuliwa mara mbili kuwania tuzo ya Oscar. Mwanga safi, vioo, vyumba vya kupendeza. Je, hiyo nayo tuitundike Dunga kwa sababu picha ni nzuri? Uzuri hausafishi kitu. Mimi nina binti wa darasa la nane, na siwezi kukaa naye kando nikisema mwanangu, wacha hayo mengine, angalia mwanga.

Mama wa Nyalenda: Mnasema usiku, usiku. Watoto wa ufuoni usiku huo wako wapi? Wako papo hapo. Nani atawafukuza, nyinyi wa projekta?

Mpiga picha za harusi, Kondele: Nyinyi mnabishania busu, mimi nawaza ngozi. Harusi ya Jumamosi, jua la saa saba, bibi harusi kwa gauni jeupe, bwana harusi mweusi tii kwa suti nyeusi. Ukipima mwanga kwa gauni, uso wa bwana harusi unapotea. Ukipima kwa uso, gauni linaungua, na mama mkwe anakudai kila shanga iliyoshonwa pale. Si bahati mbaya. Kwa miongo mingi Kodak walisambazia maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yetu haikuwa kwenye hesabu.

Ndiyo maana sisi wa kamera tukitazama filamu ya Moonlight ya 2016 tunanyamaza. Mpiga picha James Laxton na mkurugenzi Barry Jenkins waliacha poda, ngozi za waigizaji zikapakwa mafuta, na mwanga ukapata pa kushika. Hapa nyumbani, mkurugenzi Wanuri Kahiu katika filamu ya Rafiki, 2018, aliijaza Nairobi waridi na zambarau, na mashavu ya wale wasichana wawili yanang'aa. Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku kwa sababu wanapendana, halafu Mahakama Kuu ikaifungulia siku saba Septemba mwaka huo na kumbi zikajaa. Kuhusu maudhui bishaneni. Mimi nasema kijana wa Kondele akimwona mtu mweusi kama yeye amepigwa picha kwa uangalifu hivyo, kama mtu wa kutamanika, jambo hilo halipati kwingine.

Mwenye mada: Mwalimu, sikusema uzuri unasafisha. Nilisema picha ndiyo hadithi yenyewe. Kwa McGarvey ile picha ni pambo. Nguo zikishavuliwa haina tena la kusema. Kwa Wong, kila kinachozuiwa kinasemwa na picha: ukuta, moshi wa sigara, kola. Huko ndiko mahaba yaliko. Mama wa Nyalenda, swali lako ni zito kuliko letu sote. Kwa sheria ya filamu, Sura 222, filamu haionyeshwi kwa umma bila cheti cha Bodi ya Uainishaji, na wao ndio wanaopanga umri. Tutaomba cheti kwanza. Wakisema 16 au 18, ufuo umekataa. Tutatafuta ukumbi wenye mlango na mtu wa kukagua vitambulisho.

Mwalimu, Kakamega: Ukumbini nitakuja, na mke wangu. Ufuoni bado nakataa.

Mpiga picha za harusi, Kondele: Hata mimi sasa nasema ukumbini, tena wenye mapazia mazito. Mkiweka kitambaa karibu na mulika mwizi, zile taa ndefu za mtaani, zile nyekundu zote za Hong Kong zitakuwa rangi ya chai ya maziwa.