Kuhamia Bournemouth na watoto: tunaomba ushauri

Kutoka: Mama wa wawili, Croydon

Asalaam aleikum, na habari zenu wanajumuiya. Mume wangu ni nesi na kuna nafasi ya kazi imejitokeza Bournemouth, kule pwani ya kusini mwa Uingereza. Mimi ni mhasibu, ofisi yangu iko London, siku tatu kwa wiki lazima nifike. Watoto wana miaka tisa na mitatu. Sote wawili tumekulia Tanga, kwa hiyo likitajwa neno bahari tunakubali kabla hatujaulizwa. Wanaoishi huko tuambieni ukweli. Picha za Agosti tumeshaziona.

Kutoka: Baba wa watatu, Bournemouth

Waalaikumu salaam, dada yangu. Nianze na shule, maana kwa huyo wa miaka tisa muda mlio nao ni mdogo kuliko mnavyodhani.

Huku bado kuna sekondari za serikali zinazochukua watoto kwa mtihani. Ziko nne: Bournemouth School na Poole Grammar za wavulana, Bournemouth School for Girls na Parkstone Grammar za wasichana. Mtihani hufanyika Septemba, mtoto akiwa ndiyo kwanza ameingia mwaka wa sita, wa mwisho wa shule ya msingi, na kumwandikisha ni kabla ya hapo. Fomu yenyewe ya kuomba sekondari mwisho wake ni 31 Oktoba. Mkija baada ya tarehe hiyo mnaingia kundi la waliochelewa, mnapewa palipobaki. Si lazima afanye huo mtihani. Wangu wa kwanza hakufanya na anasoma vizuri tu. Ila amueni wenyewe mapema. Wa miaka mitatu fomu yake ya shule ya msingi mwisho ni 15 Januari.

Nyumba: njooni mzione Februari, tena siku ya mvua. Fleti za karibu na ufukwe zina madirisha makubwa na mandhari ya kuvutia, na baadhi yake zina unyevu usiokwisha. Pitisheni mkono nyuma ya kabati, nuseni chumba cha watoto. Mkikuta ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya, ulizeni una nini. Amana ya nyumba ya kawaida haizidi kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba anatakiwa aiweke kwenye mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30. Sisi tunakaa ndani kidogo, tunapanda basi kwenda baharini, na sijutii. Wakazi wa kule mbele kiangazi hawapati hata pa kuegesha gari. Juni 2020 watu walifurika hadi baraza la mji likatangaza tukio la dharura.

Sasa bahari yenyewe, maana najua ndiyo inayowaita. Ufukwe ni mzuri kweli, mchanga safi, kilomita kama 11 kwa upande wa Bournemouth peke yake. Mtashangaa maji hayatoki. Sisi tuliozoea bamvua, maji yanatoka mpaka mtu anatembea kuokota chaza, huku tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata mita mbili na ushei. Hatari iko kwenye baridi. Februari maji yana nyuzi kama 8, na Agosti yenyewe 18 hivi. Mtu aliyeogelea Raskazone ya Tanga utotoni anajiamini, anajitosa, pumzi inakatika hapohapo. Ogeleeni kiangazi, baina ya bendera za nyekundu na njano ambapo waokoaji wa RNLI, shirika la uokoaji baharini, wanawaona, na watoto wavae zile nguo za mpira.

Mumeo hatakosa kazi, hospitali zipo mbili, Bournemouth na Poole. Wewe ndiye nakuonea huruma. Treni hadi Waterloo, London, ni kama saa mbili, kwenda tu. Zungumza na ofisi kabla hamjafunga mizigo.

Watu wetu ni wachache. Msikiti upo, makanisa yapo, lakini unga wa sembe na mihogo huwa tunafuata Southampton, na Kiswahili cha watoto kitategemea nyinyi nyumbani.

Kutoka: Shangazi, Southend

Mwanangu, kwa siku zako tatu za London mbona hukutaja huku Southend, pwani ya karibu na London? Treni hadi Fenchurch Street ni saa moja hivi. Shule za mtihani na huku zipo. Na huyo kaka anayelilia bamvua aje, huku maji yakitoka yanatoka kweli, unabaki unatazama tope tupu. Ndiyo maana gati yetu ilijengwa kupita kilomita mbili ndani ya maji. Si pazuri kama Bournemouth, sidanganyi. Lakini utakuwa nyumbani kabla watoto hawajalala.

Kutoka: Mama wa wawili, Croydon

Shikamoo shangazi. Ahsante sana kaka. Mume wangu amesoma habari ya saa mbili za treni akanyamaza. Tutakwenda kuangalia kote kuwili Februari. Swali moja dogo: mdogo wangu yuko Tanga, ameambiwa miji hii ya pwani imejaa wazee na nyumba za kuwatunza, na kuna mtu anamtafutia kazi kwa malipo. Inawezekana?

Kutoka: Baba wa watatu, Bournemouth

Wazee wamejaa, ni kweli. Lakini tangu 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuajiri watunza wazee wapya moja kwa moja kutoka nje ya nchi. Hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, watunza wazee wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto. Mpigie simu leo, asitoe hata shilingi. Kama ameshatoa, aombe risiti na aniandikie kando, tuone pa kuanzia.