MREJESHO: Michoro huria ya skrini za kuomba ridhaa ya data

Niliuliza kama michoro ya skrini yenye leseni huria inatosha kujenga hatua za kuomba ridhaa ya kushiriki data, hata kwa watumiaji wasioona. Asanteni kwa majibu. Kwa mpangilio inatosha, ila mchoro haukiambii kisoma skrini (programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini) chochote. Lebo na mfuatano wa kuhama kwa kitufe cha Tab viandikwe pembeni ya mchoro kabla msimbo haujaanza. Penpot, zana huria ya kuchora skrini, inafaa kwa hilo.

Kila skrini ibebe jambo moja: data gani, anapewa nani, kwa muda gani. Visanduku vya tiki viachwe vitupu, maana chini ya GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, tiki iliyowekwa tayari si ridhaa. "Kubali" na "Kataa" vilingane ukubwa na rangi. WCAG 2.2, mwongozo wa kufanya wavuti ufikiwe na watu wenye ulemavu, kiwango cha AA, inataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa rangi na mandharinyuma wa angalau 4.5:1.

Panapoharibika zaidi ni ujumbe wa kosa. Mstari mwekundu peke yake haumfai asiyeona wala asiyetofautisha rangi. Andikeni "Chagua angalau aina moja ya data, au bonyeza Kataa", muuunganishe na visanduku kwa aria-describedby (sifa ya HTML inayokiambia kisoma skrini maelezo ya sehemu fulani), kisha fokasi, yaani mahali kibodi inapofanya kazi, ipelekwe hapo.

Skrini ya kuondoa ridhaa haikuwemo kabisa kwenye michoro hiyo. Ichoreni wenyewe: GDPR inataka kuondoa kuwe rahisi sawa na kutoa, kwa hiyo kama kukubali ni mbofyo mmoja, kuondoa kusifichwe ndani ya menyu tatu.