Nyanya za kitalu nyumba Tanga: mbegu ipi, na tusie lini?

Kijana wa Sahare, Reading:

Asalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita Inshallah nateremka Tanga, na kontena linatangulia. Nyuma ya friji na magodoro imebaki nafasi, nikafikiria kuijaza kitalu nyumba: mabomba na plastiki, mita 3 kwa 6, kama hiki nilicho nacho bustanini hapa Uingereza. Mama yuko Sahare, ana uwanja mkubwa nyuma ya nyumba, na kila nikipiga simu ni malalamiko ya bei ya nyanya Mgandini.

Hapa napanda Sungold na Shirley, natoa ndoo kwa ndoo. Nibebe mbegu hizi hizi? Na kwa miaka ijayo Mama awe anasia lini, Februari kama mimi?

Dada wa Leicester:

Mdogo wangu, Tanga yenyewe si kitalu nyumba tosha? Mwezi wa pili pale shati linaganda mgongoni hujafunga hata vifungo. Lakini mjomba wa Pongwe yumo humu na alishajaribu. Mjomba, unaitwa.

Mjomba wa Pongwe:

Marahaba mwanangu. Mabomba lete. Plastiki ya ubavuni iache huko huko.

Mimi nilirudi na kosa hilo hilo. Nilikaa Coventry miaka 19, nilikuwa na kibanda changu cha vioo, na kichwani mwangu nyanya na joto ni ndugu. Nikajenga hapa Pongwe, nikafunga plastiki pande zote nne, nikasia mwisho wa Novemba. Miche ilikua kama imetumwa. Ilipofika mwisho wa Januari shina limenipita kimo, maua ya manjano tele, kila jirani anayepita ananisifu. Asubuhi moja naingia nakuta maua yametapakaa chini. Nikaokota moja. Limekatika pale penye kifundo katikati ya kikonyo, safi, utasema kuna mtu kapita na wembe. Nikadhani mdudu, nikapiga dawa, hasara juu ya hasara. Baadaye ndipo akili ikanijia ya kutundika kipimajoto. Saa nane mchana kilisoma 44. Saa sita usiku, 26.

Hapo nikaelewa. Mchana joto likizidi nyuzi 32 hivi, chavua inaanza kuharibika. Usiku nao ukikaa juu ya 21 au 22 siku baada ya siku, ua halishiki, linadondoka. Na huku kwetu Desemba mpaka Machi usiku haushuki kufika hapo hata nje kwenye upepo, sembuse ndani ya plastiki. Vibanda vya Uingereza vimetengenezwa kukamata joto kwa kuwa huko halipo. Kumfungia mnyanya wa Tanga humo ni kumfunika blanketi mtu mwenye homa.

Unachotaka hapa ni paa la kuzuia mvua na neti ya kuzuia wadudu. Plastiki ikae juu tu, pande zote weka neti, na paa liende juu, mita 4 si nyingi. Neti ya matundu madogo inawazuia inzi weupe wanaoleta rasta, yale majani ya juu yanayojikunja na kuwa manjano, na inamzuia kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda, ambaye tangu aingie nchini mwaka 2014 amefilisi wengi. Ila matundu yakiwa madogo upepo nao unapita kwa shida, ndiyo maana nasisitiza urefu. Mlango weka miwili, wa nje na wa ndani. Wangu ulikuwa mmoja, na wajukuu wakiingia kuchuma wanauacha wazi.

Sasa tarehe. Huko mnahesabu kuanzia baridi inapokwisha. Huku hesabu kuanzia kwenye ua kurudi nyuma. Unataka ua lifunguke Juni, Julai na Agosti, kusi linavuma na usiku unafika 20 au 21. Kwa hiyo mimi nasia kati ya Aprili 10 na mwanzo wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto nje na miche yangu iko kavu chini ya paa. Wiki nne kwenye trei, nahamisha, ua la kwanza linatoka Juni, na nyanya ya kwanza inawiva mwisho wa Julai au Agosti. Wewe ukifika mwanzo wa Juni ukasia wiki hiyo hiyo hujachelewa sana, maua yatatoka mwisho wa Julai na usiku bado mzuri. Miche inayosiwa Septemba kuendelea mimi siihangaikii tena. Miezi hiyo kitalu napanda mchicha na bamia, na nyanya nanunua za Lushoto kama watu wengine. Lushoto kuna mwinuko na baridi ya milimani, hatuwezi kushindana nao Januari, na sioni aibu.

Mbegu. Shirley iache, hiyo ni ya baridi ya huko. Sungold ni ndogo na ndogo huvumilia joto kuliko zile kubwa, lakini kuingiza mbegu nchini kunataka kibali na cheti cha afya ya mimea, na kwa pakiti moja sioni faida. Nunua hapa, pakiti iliyofungwa kiwandani, angalia tarehe. Kwa kitalu kirefu chukua Anna F1 (F1 ni mbegu chotara), hiyo inapanda kamba na kuzaa muda mrefu. Kama rasta imeenea mtaani, Assila F1 inaistahimili, ingawa ni fupi. Tanya ni fupi pia. Hiyo na Tengeru 97 zina ganda gumu, na unaweza kuweka mbegu zake mwenyewe, jambo usiloweza kwa hizo F1, maana watoto hawatafanana na mama. Kwa kweli Mama akitaka tu nyanya za mchuzi, Tanya nje, uwanjani, mwezi wa tano, itamtosha bila mabomba ya mtu. Halafu utacheka: madukani Tanga utakuta Money Maker. Hiyo ni nyanya ya Waingereza, tumeizoea mpaka tunadhani yetu. Tamu, ila ganda lake laini, linapasuka ukiinywesha bila mpango.

Udongo ndio ulioniliza mwaka wa pili. Mche mzima, kijani, saa sita mchana umelala kama umemwagiwa maji ya moto, na kesho yake haujaamka. Ukiona hivyo kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, na udongo ule nyanya, pilipili na biringanya uzisahau kwa miaka. Tangu hapo napanda kwenye viroba, nachanganya samadi iliyooza na vumbi la makumbi ya nazi. Makumbi tunayo ya kumwaga, lakini yale yaliyofukiwa ufukweni kutengenezea usumba yamejaa chumvi. Yasuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mara tatu, nne. Nilisuuza mara moja nikaona ncha za majani zinaungua.

Na jambo la mwisho, wengi hawaamini. Ndani ya neti nyuki hawaingii, na hewa yetu ni nzito, chavua inagandana. Saa nne asubuhi, umande umekauka, pita na kijiti ukigonga kamba ya kila mche, taratibu, mpaka uone vumbi la manjano linatoka. Mke wangu ananiambia nawabembeleza kama watoto. Sawa, lakini mwaka niliosafiri wiki mbili Julai, vile vichala vya wiki hizo vilitoka na nyanya tatu tatu, vingine vina saba.

Kaka wa Milton Keynes:

Shikamoo mjomba, nimehifadhi. Na sisi ambao harudi mtu mwaka huu? Nina kibanda cha vioo kidogo, hakina hita. Mwaka jana nilisia Januari mwanzo.

Dada wa Leicester:

Januari! Miche si ilikuwa mirefu kama mianzi? Mwanga wa Januari huku ni wa kusomea tu. Asiye na hita asie katikati ya Machi, ndani ya nyumba, dirishani, nyuzi 18 kwenda juu ndipo zinaota vizuri. Mwenye hita anaweza kuanza Februari. Kwenye kibanda peleka mwisho wa Aprili au Mei, usiku ukiwa hauendi chini ya 10. Za nje subiri mwisho wa Mei, barafu ya asubuhi isikukute.

Mbegu: Gardener's Delight na Sungold hazijaniangusha. Shirley kama unataka za kukata kachumbari. Vichipukizi vya kwapani vinyofoe kila wiki, na ikifika Agosti au kichala cha sita kata ncha ya juu, maua ya baada ya hapo hayawahi kuiva. Na maji kila siku, si leo ndoo mbili na keshokutwa hakuna. Ukiona kitako cheusi kimebonyea, mara nyingi ni hilo, usikimbilie kununua dawa.

Kijana wa Sahare, Reading:

Ahsante sana mjomba, Mungu akuweke. Plastiki ya pembeni nimeitoa, nafasi yake naweka roli la neti na pampu ndogo ya maji. Mama ana kisima. Nimempigia, amecheka, kasema Tanya anayo tayari kwenye kopo, kaihifadhi na majivu.

Mjomba wa Pongwe:

Msikilize mama yako. Ila hicho kisima cha Sahare kiko hatua ngapi kutoka baharini? Maji yaonje kwanza wewe mwenyewe, kisha yapime. Kikiwa na chumvi, pampu haitakusaidia. Vuta bomba la mtaani, au weka simtank ukinge ya masika kutoka kwenye hilo hilo paa la kitalu. Mimi langu la mita 3 kwa 6 mvua moja nzuri inajaza madumu yote niliyo nayo na ya jirani.