Kikundi cha Ukoo wa Bi Mkubwa: Safari ya Bagamoyo

JUMATANO

Zuhura, saa 2:05 usiku
Assalamu alaykum ndugu zangu wote. Safari yetu ya Bagamoyo ni Jumapili hii, Inshallah, na katika watu 22 walioandikishwa ni 9 tu waliokwisha toa mchango wa shilingi 35,000. Kosta itatuchukua Magomeni saa 12:30 asubuhi, tutazuru magofu ya Kaole kabla jua halijawa kali, tutakula mchana ufukweni, na alasiri tutatembea Mji Mkongwe. Mpishi nimekwisha mpa malipo ya awali ya shilingi 150,000 kwa pilau, kuku wa kukaanga, samaki wa kupaka, kachumbari na kisamvu. Naomba kila mmoja athibitishe leo, si kesho.

Zuhura, saa 2:48 usiku
Ninaona kwamba ujumbe wangu umesomwa na watu 14. Kusoma si kuthibitisha.

Kassim, saa 2:51 usiku
Dada, mimi nimethibitisha kwa moyo wangu wote, na mchango utaufuata moyo huo mshahara ukitoka.

Mama Imran, saa 3:10 usiku
Wa alaykum salaam, wifi. Nakushukuru kwa kulibeba jambo hili peke yako. Kabla sijathibitisha, naomba kujua kama kisamvu hicho kitaungwa kwa karanga au kwa nazi tupu, na kama mafuta ya kukaangia kuku hayajakaangiwa kitu kingine chenye karanga au korosho.

Zuhura, saa 3:14 usiku
Kisamvu ni cha karanga, wifi, kama kinavyopikwa siku zote katika familia hii. Hata hivyo kitakuwa katika sufuria lake, na Imran hatapakuliwa. Atakula pilau na kuku kama watoto wenzake.

Mama Imran, saa 3:31 usiku
Naomba mnivumilie niandike kwa urefu, kwa maana nimegundua kwamba kila ninapofupisha jambo hili, watu huelewa kwamba mtoto wangu anachagua chakula. Imran alikuwa na miezi 9 alipomeza kijiko cha pili cha uji wa lishe uliochanganywa karanga, na kabla sijalifunga kopo uso ulikuwa umevimba na pumzi inakoroma. Sasa ana miaka 6 na kilo 21, na daktari amethibitisha kwamba mzio wake ni wa karanga na korosho. Nazi anakula, samaki anakula, mayai anakula. Kwa hiyo sufuria la kisamvu kuwa peke yake halinitoshi, kwa sababu upawa ni mmoja na wapakuaji wana haraka: upawa ukitoka kwenye kisamvu ukaingia kwenye pilau, pilau lote limekwisha kuwa na karanga, na kuipika karanga hakuiondolei kile kinachomdhuru. Vivyo hivyo mkono uliokula kashata ukimshika mdomoni, au ukimmegea mkate, ni kama amepewa kashata yenyewe.

Kassim, saa 3:36 usiku
Shemeji, nimesoma mahali kwamba mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja. Je, na maembe ya Bibi nayo tuyapige marufuku, au tuyasamehe kwa kuwa ni ndugu wa mbali?

Rukia, saa 3:37 usiku
Mimi maembe yale siyaachi, hata kukiletwa barua ya serikali.

Nasra (Muscat), saa 3:38 usiku
Msiyataje maembe ya Bibi mbele yangu, mimi niliye mbali. Mwaka huu yamezaa?

Rukia, saa 3:40 usiku
Yamezaa mpaka matawi yameegemezwa nguzo.

Zuhura, saa 3:44 usiku
Jamani, turudi kwenye safari. Kassim, ndugu wa mbali ni wewe usiyetoa mchango.

Mama Imran, saa 3:47 usiku
Embe na mkorosho ni ukoo mmoja kweli, shemeji, lakini Imran anakula embe bila tatizo lolote. Ninaomba lile la upawa lijibiwe.

Hadija, saa 4:02 usiku
Mimi ninasema kwa nia njema. Barabara ya Bagamoyo kuanzia Tegeta mpaka Bunju ina wauza karanga na korosho wanaozipitisha madirishani, na ndani ya Kosta kutakuwa na watoto 8 wenye njaa. Hatuwezi kumlinda kila mahali. Kwa nini Imran asibaki nyumbani na dada wa kazi kwa siku hiyo moja, sisi tukamletea zawadi?

Zuhura, saa 4:06 usiku
Na mimi nilikuwa ninaogopa kulisema. Idd ile ya Tanga shughuli nzima ilivunjika, sahani zikaachwa zimejaa, na baadaye sisi tuliokesha jikoni ndio tulioonekana wakosaji. Sitaki nibebe tena mzigo ule.

Mama Imran, saa 4:15 usiku
Wifi, siku ile sikumlaumu mtu. Niliuliza swali moja, nikalirudia mara 3, na hakuna aliyenijibu mpaka leo. Mnajua wenyewe ni nani aliyefungashiwa nguo zake wiki iliyofuata kwa kosa ambalo sijawahi kuamini kuwa lake. Tangu hapo tumekosa harusi ya Mwajuma, arubaini ya mtoto wa Rukia na Idd mbili. Imran anaziona picha zenu humu kwenye simu yangu na ananiuliza kama binamu zake wanamkumbuka. Siku hiyo moja mnayoisema, kwake imekwisha kuwa miaka 2.

Kassim, saa 4:19 usiku
Shemeji, samahani kwa lile la maembe. Nauliza sasa bila mzaha: kama likitokea jambo, Piriton ya maji haitoshi? Nyumbani ninayo chupa nzima.

Mama Imran, saa 4:34 usiku
Nakushukuru kwa kuuliza. Piriton hupunguza muwasho na vipele, lakini haifungui koo linalofunga wala haiinui shinikizo la damu lililoshuka, na kinachoua ni hayo mawili. Dawa yake ni adrenalini. Nasra aliniletea kalamu 2 za adrenalini, yaani sindano zilizokwisha jazwa dawa, za miligramu 0.15 kutoka Muscat, na zote ziko ndani ya muda wake. Ikiwa ametoka vipele tu au midomo inamwasha, niiteni mara moja. Ikiwa anakohoa mfululizo, sauti imekwaruza, anapumua kwa shida, au ametapika na kulegea baada ya kula, msinitafute ufukweni: mchomeni kalamu moja pajani, upande wa nje, hata juu ya suruali. Kisha alazwe chali na miguu iinuliwe, au akae ikiwa pumzi ndiyo inayomsumbua, na asisimamishwe wala kutembezwa. Asipopata nafuu baada ya dakika 5 hadi 15 anachomwa ya pili. Hata akianza kucheka na kuomba maji, safari ni ya hospitali moja kwa moja, kwa kuwa hali ile huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Kalamu hizo haziwekwi kwenye buti la gari lenye joto, wala kwenye kasha la barafu pamoja na soda. Zitakaa kwenye pochi begani mwangu, lakini ninahitaji mtu mzima mwingine mmoja ajifunze kuzitumia kabla ya Jumapili. Ninayo kalamu ya mazoezi isiyo na sindano.

Zuhura, saa 4:50 usiku
Nimesoma. Nani atajifunza?

Zuhura, saa 5:12 usiku
Ninauliza tena, nani atajifunza?

ALHAMISI

Mwajuma, saa 1:20 asubuhi
Shikamooni wakubwa zangu. Ninaandika kwa niaba ya Bibi, ambaye baada ya swala ya alfajiri ameniamuru nimsomee mazungumzo yote ya jana, kisha akaniambia nirudie sehemu ya Tanga. Maneno yake ni haya, na amenikataza nisiyapunguze:

"Siku ile kwenye mkeka, kashata ilipopitishwa, mimi ndiye niliyesema kwamba kidogo hakidhuru. Aliyempa mtoto alinisikia mimi. Neno langu ndilo lililompa. Yule binti aliyeondolewa hakuhusika, na nilinyamaza. Kisamvu cha Jumapili ni cha nazi tupu, na asiyekitaka ale wali mkavu. Mjukuu wangu akibaki nyumbani, na mimi ninabaki naye."

Zuhura, saa 4:35 asubuhi
Mama, tumesikia.

Kassim, saa 4:41 asubuhi
Mama, mimi nitajifunza kalamu. Shemeji, nitapita kwako leo baada ya swala ya Alasiri.

Mama Imran, saa 5:02 asubuhi
Mama, shikamoo. Nitakuja mwenyewe kukuona. Shemeji, karibu.

Zuhura, saa 5:30 asubuhi
Basi tupange. Hakuna karanga wala korosho kuingia ndani ya Kosta, kwenda na kurudi, hata kwenye mikoba. Nitamwomba dereva aifagie na kuipangusa kwa maji ya sabuni, maana Jumamosi ina abiria wengine. Ninahitaji mtu wa kuleta ndoo yenye koki na vipande 3 vya sabuni, kwa kuwa vitakasa mikono haviiondoi karanga mkononi, ni maji na sabuni tu. Imran atapakuliwa kwanza, kwa upawa wake, kabla ya sufuria lolote kuguswa. Hadija, ndoo?

Hadija, saa 9:15 alasiri
Ninayo ndoo, lakini koki imevunjika. Nitaangalia.

Mama Imran, saa 9:40 alasiri
Chakula chake nitakipika mwenyewe na kukibeba kwenye hotpoti, wifi, ili nisikutwishe na hilo. Ninachoomba ni mpishi aulizwe juu ya mafuta, kwani moshi na harufu ya mafuta si kitu kwa Imran, ila watoto humegeana kuku.

Zuhura, saa 2:22 usiku
Nimempigia mpishi mara 4 na hapokei. Niliyemkuta pale ni msaidizi wake, na anasema kwamba karanga za kisamvu zimekwisha twangwa na fedha zake zimekwisha tumika. Sijui kama atakubali kubadilisha bila kuongezwa. Walio tayari kuongeza shilingi 5,000 waandike hapa.

Rukia, saa 2:40 usiku
Niko tayari.

Salum, saa 4:55 usiku
Ndugu zangu, nimetoka zamu sasa na ndiyo kwanza ninasoma haya yote. Naongeza 20,000. Mama Imran, umemwambia mtoto?

Mama Imran, saa 4:58 usiku
Bado. Ninamsubiri mpishi apokee simu.