Tupeane uzoefu: ukatili usiotumia fimbo kati ya mataifa

Mkalimani wa Ibanda (Bukavu)
Wandugu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi, nawasalimu. Leo naomba tuzungumze juu ya ukatili wa kiishara. Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa aliyefariki 2002, alieleza kwamba utawala hukamilika pale anayetawaliwa anapoanza kujitazama kwa jicho la anayemtawala, na kuona kwamba ndivyo dunia ilivyo. Hapigwi mtu, hafungwi mtu. Naamini ndivyo mataifa makubwa yanavyotushika hadi leo, na sisi wenyewe tunasaidia.

Naanza na yangu. Ninawafanyia ukalimani wageni wanaokuja Kivu Kusini. Aprili 2010 Margot Wallström, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, aliiita Kongo mji mkuu wa ubakaji duniani. Sina shaka alitaka kuiamsha dunia, na uovu wenyewe ulikuwa wa kweli: waliotibiwa katika hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, ni mama zetu na dada zetu. Lakini jina lile lilibaki, na wageni wakaanza kufika wakiwa nalo tayari.

Siku moja Kadutu, mama mmoja aliitwa kuzungumza na ujumbe kutoka Ulaya. Alikuja na daftari la likelemba, yaani mchango wa zamu wa chama chao, kurasa zimepigwa mistari kwa rula, majina upande mmoja na franka upande wa pili. Alitaka kueleza jinsi walivyochanga hadi wakanunua mashine ya kusaga muhogo. Mgeni akaniambia nimwulize kwanza alibakwa na kundi gani. Mama hakushtuka. Alilifunga daftari, akalirudisha kikapuni, akaniuliza polepole: "Hiyo ndiyo wanaandika, eh? Basi nianzie hapo."

Hakuna aliyemlazimisha, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Alishajua ni simulizi gani inayofungua mlango wa msaada. Ripoti za namna hiyo ndizo husomwa kwenye meza za kupanga bajeti na maazimio. Nchi ikishajulikana kama mgonjwa, haiulizwi maoni yake; inapangiwa dawa.

Leteni yenu.

Mjukuu wa Kamalondo (Lubumbashi)
Babu yangu mzaa baba alikuwa karani, enzi mji huu ukiitwa Élisabethville. Kuanzia 1952 Mkongomani aliyetaka kuhesabiwa karibu sawa na Mzungu mbele ya sheria aliomba kuwa "immatriculé", yaani aliyeandikishwa, na kabla ya kupewa kadi alichunguzwa hadi nyumbani kwake. Kwetu wanasimulia kwamba walifungua kabati, wakahesabu uma na visu, wakakagua choo, wakamwuliza bibi kama anakula mezani pamoja na mume wake. Babu aliipata kadi. Aliitunza ndani ya bahasha mpaka alipokufa, na akitukasirikia alisema tunaishi kama basenji, yaani washenzi.

Lumumba naye alipitia njia hiyo, akaipata 1954. Kwa hiyo tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji aliposifu kazi ya Leopold II mbele ya wageni wa mataifa, aliyesimama baadaye kusema alikuwa mtu aliyekwisha kukaguliwa. Alitaja risasi zilizoua ndugu zetu, lakini alitaja pia kwamba Mweusi aliitwa "tu", yaani "wewe" ya Kifaransa isiyo na heshima, na "vous" ya heshima ikawekewa Wazungu peke yao. Wakasema amevunja adabu ya diplomasia. Adabu iliyopangwa na nani?

Mzee Bagira (Bukavu)
Wanangu, watu wanakufa kwa risasi kila siku, nanyi mnahangaika na majina, kama wengine wanavyohangaika na vinyago vya makumbusho. Tuzungumze bunduki kwanza.

Kijana wa Kalehe
Mzee, kwa heshima yako. Nilikuwa nanunua kasiterite, mawe yenye bati, kule Nyabibwe. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya fedha yenye kifungu cha 1502, ile tunayoiita "loi Obama": kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Nia ilikuwa kukata pesa za makundi yenye silaha. Septemba mwaka huo Rais Kabila naye akasimamisha uchimbaji Kivu na Maniema, hadi Machi 2011. Hata ulipofunguliwa, wanunuzi wengi walikuwa wameshatukwepa, aliyechimba chini ya bunduki na aliyechimba kwa amani wote wakiwa chini ya jina moja la "madini ya damu". Kwetu haikulia risasi, lakini watoto walitolewa shuleni kwa kukosa ada.

Mtafiti wa Himbi (Goma)
Nilialikwa Ulaya kwenye mkutano kuhusu vita vya Kivu. Nikapanda ndege hadi Kinshasa kuomba viza, nikalipa ada, ambayo sasa ni euro 90 na hairudishwi hata ukikataliwa. Jibu: hakuna hakika kwamba nitarudi kwangu. Mkutano juu yetu ukafanyika bila sisi. Kilichoniuma zaidi ni wenzangu kazini, waliouliza nilikosea wapi kwenye karatasi. Hakuna aliyeihoji sheria yenyewe.

Mjukuu wa Kamalondo
Mzee Bagira, umetaja vinyago. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alieleza Kinshasa majuto yake juu ya ukoloni, kisha akaja kuhutubia chuoni kwetu. Kule Kinshasa alikabidhi kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na kikomo. Tulipiga makofi, wakati kitu cha watu wetu wenyewe kilikuwa kinarudi kama cha kuazimwa. Mwezi huohuo jino la Lumumba, salio pekee la mwili wake, lilirudishwa kwa familia yake, na jeneza likapita Shilatembo, alikouawa. Mimi nilikwenda. Pale hatukungoja mtu wa nje atupe maneno ya kusema.

Mama wa chama (Kadutu)
Nimesoma yote, asante mkalimani. Kwenye chama chetu, mgeni akija siku hizi tunaanza sisi kumwuliza: nani amekutuma, ripoti itasomwa wapi, nakala yetu tutaipata lini, na iwe ya Kiswahili. Wengine wamekasirika wakaondoka. Mmoja aliileta kweli. Tuliisoma kwa sauti, mama mmoja kila ukurasa, tukakuta tumeandikwa "wahanga" tangu mwanzo hadi mwisho, na mashine yetu ya kusaga muhogo haimo. Tukamrudishia ikiwa na kalamu nyekundu.