Mzee kapasuliwa mshipa mkubwa wa moyo, di-daima iko juu na figo zimeyumba, naombeni ufafanuzi

MtotoWaChamwino
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana presha ya miaka mingi, juzi aota, ndo huo mshipa mkubwa, ilichanika kwa ndani akakimbizwa Dar wakampasua, namshukuru Mungu katoka salama ila bado yuko ICU. Sasa dogo alieko naye kanitumia picha ya majibu, kriatinini, kile kipimo cha figo, kabla ya opresheni ilikuwa 98 saa hizi 210, di-daima imewekewa alama iko juu kupita kiasi, mkojo kwenye mfuko ni kidogo halafu umeiva kama chai ya rangi. Mi niko Dodoma nasubiri SGR ya asubuhi, ndugu huku wameshasema damu imegandia kwenye figo. Ndo maana yake kweli?

SistaIpagala
Pole sana kaka. Me ni nesi, nimekaa sana na wagonjwa wa upasuaji mkubwa. Di-daima ni mabaki yanayobaki mwili ukivunja damu iliyoganda, na mzee damu imeganda sehemu nyingi tu, kwenye ule mchaniko, kwenye kidonda, halafu damu yake imezungushwa nje kwenye mashine ya moyo na mapafu, kwa hiyo isingekosa kupanda. Peke yake haithibitishi kwamba kuna bonge kwenye figo. Ila si ya kupuuza, tafiti kadhaa zimeona wanaoingia theta na di-daima ya juu sana ndio figo zao huumia zaidi baadaye, ni ishara kwamba mwili umevurugika sana.

Figo zinapokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, presha ikishuka au mzunguko ukisimamishwa wakati wanashona zinakosa hewa mapema. Kwenye mashine chembe nyekundu nazo huvunjika, rangi ya mkojo inaweza kutokea huko. Kriatinini ikizidi mara mbili ya mwanzo ni hatua ya pili kati ya tatu za figo kuumia ghafla. Dogo aulize mkojo wa kila saa, mtu wa kilo 70 akiwa chini ya mililita 35 kwa saa, saa nyingi mfululizo, hapo si pazuri. Aulize pia kama mchaniko umefika kwenye mishipa ya figo na kama wameipima kwa altrasaundi, maana hiyo ndo itajibu swali la ndugu zako.

Nkuhungu_mmoja
Mkuu usikate tamaa, mamkubwa wangu alipasuliwa moyo figo zikagoma, wakamsafisha damu kwa mashine kwa muda, mkojo ukarudi wenyewe wakamtoa kwenye mashine. Kusafishwa sio lazima iwe ya maisha.

MtotoWaChamwino
Asanteni sana, dada ubarikiwe. Sasa kwanini wasimpe tu dawa ya kuyeyusha damu? Na shangazi kafunga unga wa ubuyu wa kilo nzima niubebe akaongezewe damu na nguvu.

SistaIpagala
Kaka aota imetoka kushonwa, dawa ya kuyeyusha mabonge inaweza kumwaga damu kwenye nyuzi. Waulize fibrinojeni ikoje, hiyo ndo malighafi ya kugandisha, kawaida ni gramu 2 mpaka 4 kwa lita, ikiwa chini huku di-daima iko juu ujue mwili unaimaliza na hatari ya kuvuja inaongezeka. Wao ndo wanajua lini waanze heparini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Ubuyu uache nyumbani tafadhali, na zabibu kavu pia. Vina potasiamu nyingi, figo zikiwa zimelala haitoki, inapanda mpaka moyo unaweza kusimama. Na akitoka wodini msimnunulie diklofenaki ya maumivu pale duka la dawa, inazibana figo ambazo bado hazijapona.

MtotoWaChamwino
Nimekuelewa dada. Nimeshampigia dogo asubuhi daktari akipita aulize mkojo wa kila saa, potasiamu, fibrinojeni na hiyo altrasaundi ya mishipa. Shangazi kanuna kidogo ila ubuyu tumeutoa kwenye begi.